Uliza Anti: Kadi ya bima ipo, lakini siku ukiumwa itafanya kazi?

Toleo hili barua zimekuwa nyingi za wanafunzi wanaoanza chuo, na karibu zote zinazunguka jambo moja, bima ya afya ya binafsi, nichukue ipi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sana, mnisamehe, ila ndani yake kuna karibu kila kosa ninaloona vijana wanalifanya, na moja wapo nililifanya mwenyewe nikiwa na umri wenu na mpaka leo nikilikumbuka naumia.

*Shikamoo Anti. Mi ni mwaka wa kwanza, nina miaka 19 na nina pumu tangu mdogo. Siku ya usajili kulikuwa na meza za mawakala wa bima pale chuoni, mmoja akanishikilia sana akasema ana mpango wa wanafunzi wa bei ya chini kabisa ila niwahi kabla wiki haijaisha. Nilivyomwambia nina pumu akasema kwenye swali la magonjwa niandike tu hakuna, eti ikijulikana watanikatalia au watanipandishia. Mama anasema nichukue tu maana bora kuwa na kadi kuliko kukosa. Mwenzangu wa chumba ana mpango wa bei kubwa zaidi anasema huu wangu haunisaidii chochote. Sijasaini bado, nimechanganyikiwa. Nichague vipi? – Mwenye pumu, mwaka wa kwanza*

Marahaba mwanangu. Kwanza nimefurahi sana kwamba hujasaini, maana huyo wakala amekuambia kitu kibaya na nataka nianze nacho hicho kabla ya bei na kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiandika "hakuna" kwenye swali la magonjwa wakati una pumu, kuanzia siku hiyo unalipia bima ambayo kampuni ina haki ya kuivunja muda wowote ikigundua. Bima inaendeshwa kwa kanuni ya uaminifu wa pande zote mbili, yaani anayeomba anatakiwa aseme yote muhimu anayoyajua kuhusu hali yake kwa sababu kampuni yenyewe haina njia ya kuyajua. Si kanuni ya juzi hii, jaji mmoja wa Uingereza, Lord Mansfield, aliieleza vizuri kabisa kwenye kesi ya mwaka 1766 iliyohusu bima ya ngome kule Sumatra, na sheria nyingi za bima duniani bado zinatembea juu ya msingi huo huo hadi leo ingawa kila nchi imeweka marekebisho yake. Sasa angalia inavyokuwa kwa vitendo. Miezi ya mwanzo unatibiwa mafua, unapimwa malaria, wanalipa bila maswali, unaona mbona mambo safi. Halafu usiku mmoja kifua kinabana kweli kweli, unalazwa siku nne, bili inakuwa kubwa, na bili ikishakuwa kubwa ndo wanaomba faili lako hospitali. Daktari kaandika mstari wa kwanza kabisa "ana pumu tangu utotoni" kwa sababu ndo ulichomwambia, na ulifanya vizuri kumwambia maana ndo anajua akutibu vipi. Basi hapo imeisha, hawalipi, na wanaweza kufuta mkataba wote. Wakala wakati huo ana kamisheni yake tayari alishapokea, na jina lililoko chini ya fomu ni lako si lake.

Ukisema ukweli yanaweza kutokea mambo kadhaa na mengi wala si mabaya kama alivyokutisha. Wanaweza kukuchukua hivyo hivyo. Wanaweza kukuchukua lakini pumu isilipiwe mpaka kipindi fulani kipite, hicho ndo kinaitwa kipindi cha kusubiri, kwa magonjwa uliyokuja nayo mara nyingi ni miezi 6 au 12 na wengine wanakwenda mpaka miaka 2. Wanaweza kukuongezea kidogo mchango, yaani ile pesa unayoilipa kampuni kila mwezi au mwaka. Wanaweza kukuchukua ila wakaandika wazi kwamba pumu haitalipiwa kabisa, hapo kwa kweli mi nisingechukua, kwa sababu kwako wewe pumu ndo sababu ya kwanza ya kuwa na bima. Na wanaweza kukataa, ukaenda kampuni nyingine. Kuna nchi sheria imewakataza kabisa, Marekani kwa mfano tangu 2014 mipango ya bima inayofuata sheria yao kubwa ya afya haiwezi kukukataa wala kukuongezea kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa nao, kwahiyo uliza sheria ya pale unaposoma inasemaje kabla hujaamini maneno ya mtu wa mezani. Vyovyote itakavyokuwa, jibu lao litakuwa jibu la kweli na utajua umesimama wapi.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Najua kila mtu anaanza na bei na mi nakuelewa, pesa ya mwanafunzi ni ile ile inagawanywa mara kumi. Ila nakuomba uanze na ukurasa ambao mawakala hawaufungui, ule wa vitu visivyolipwa. Kila mkataba unao, mara nyingi uko mwishoni na maandishi madogo. Omba mkataba mzima, kile kipeperushi chenye picha ya familia inacheka hakitoshi, ukae nao jioni na kalamu. Tafuta meno, miwani, afya ya akili, ujauzito, ajali za michezo, ajali za pikipiki, magonjwa ya kudumu. Kwako wewe tafuta neno "dawa za kudumu" au "magonjwa sugu" na usome mstari ule mara mbili, maana kwenye pumu kuna inhela mbili tofauti kabisa, ile ya kufungua kifua ukibanwa ambayo mara nyingi ni ya bluu, na ile ya kuzuia ambayo daktari akikuandikia unaitumia kila siku hata ukiwa mzima. Mipango mingine inalipa ile ya kufungua kwa sababu ni ya dharura halafu ile ya kila siku wanasema ni dawa ya kudumu haimo. Na hiyo ya kila siku ndo inayokuzuia usifike kulazwa! Piga simu kampuni yenyewe, taja jina la dawa lililoandikwa kwenye boksi lako, uliza ipo kwenye orodha yenu ya dawa au haipo, halafu omba wakuandikie jibu kwa meseji au barua pepe. Jibu la mdomo halikusaidii siku ya ubishi.

Kingine angalia kama mpango unalipa ukilazwa tu au na ukitibiwa unarudi nyumbani. Hapo ndo bei ya chini kabisa huwa imejificha. Ukisikia mpango wa wanafunzi wa bei rahisi ajabu kuna uwezekano mkubwa ni wa kulazwa peke yake, yaani kumuona daktari, vipimo na dawa za kawaida unajilipia, na kijana wa miaka 19 kwa kawaida anamuona daktari mara nyingi kuliko anavyolazwa. Kulazwa peke yake si vibaya, kuna mtu ambaye chuo chake kina zahanati nzuri inayomtibu mambo madogo bila malipo, huyo mpango wa kulazwa unamtosha kabisa na asilipie kitu mara mbili. Ulizia zahanati ya chuo chako inafanya nini, saa ngapi inafungwa, na wakati wa likizo inafanya kazi au la.

Halafu orodha ya hospitali. Hapa niseme yangu.

Nilikuwa mwaka wa pili. Jioni tumbo lilianza kuuma pale kitovuni, nikadhani ni chakula, ilipofika saa sita usiku maumivu yameshuka chini upande wa kulia na siwezi hata kunyoosha mguu. Wenzangu wawili wa hosteli wakanibeba mpaka hospitali ya karibu, na mi njia nzima nawaambia msiwe na wasiwasi nina bima, kadi iko kwenye mfuko wa nyuma. Dada wa mapokezi akaichukua, akaigeuza nyuma, akaingiza namba kwenye kompyuta, akasubiri, akaingiza tena, halafu akaiweka juu ya kaunta taratibu akaisogeza kwangu kwa vidole viwili akasema kadi hii hapa hatuipokei. Sikuwahi kuona kitu kimesogezwa polepole hivyo. Rafiki yangu mmoja akatoka nje akaanza kupiga simu anaamsha watu wachange pesa za kunipokea. Kilikuwa ni kidole tumbo, nikapasuliwa alfajiri. Nilikuwa na ile kadi miezi 14, nimelipa kila mwezi bila kukosa, na hata siku moja sikuwahi kufungua orodha ya hospitali, ya karibu iliyokuwemo ilikuwa upande wa pili wa mji. Nilipopeleka risiti kuomba nirudishiwe wakaniambia ni kweli dharura inaruhusiwa popote lakini mkataba unataka wapewe taarifa ndani ya saa 24, na mi saa 24 za kwanza nilikuwa nimelala na drip mkononi. Nililipwa sehemu tu, iliyobaki wazazi wangu waliilipa mwaka mzima.

Kwahiyo mwanangu chukua orodha, tafuta hospitali inayopokea wagonjwa usiku ambayo unaweza kufika kutoka unapolala, na nyingine karibu na nyumbani unapokwenda likizo. Usiishie kwenye orodha, maana orodha huwa inachelewa kubadilishwa, nenda pale mapokezi mchana ukiwa mzima uulize kadi ya kampuni fulani mpango fulani mnaipokea? Taja na mpango, kuna hospitali zinapokea kampuni hiyo hiyo lakini mpango wa juu tu. Alafu namba ya simu ya dharura ya kampuni mpe mwenzako wa chumba aiweke kwenye simu yake, kwa sababu siku ile atakayepiga si wewe.

Ukishayajua hayo ndo urudi kwenye bei, na bei yenyewe usiihesabu kwa mwezi. Nakupa mfano wa namba tu, weka pesa yoyote. Mpango wa kwanza unalipa 20 kwa mwezi, kwa mwaka 240. Kila mwaka 200 za mwanzo za matibabu unajilipia mwenyewe, zikizidi hapo unachangia asilimia 20. Mpango wa pili unalipa 35 kwa mwezi, kwa mwaka 420, huna cha kujilipia mwanzo ila unachangia asilimia 10 ya kila bili. Mwaka ambao hujaumwa kabisa wa kwanza umekuokolea 180. Ukipata bili ya 1,000, wa kwanza unatoa 200 halafu asilimia 20 ya 800 iliyobaki ambayo ni 160, jumlisha na michango ya mwaka inakuwa 600. Wa pili unatoa 100, jumlisha 420, inakuwa 520. Umeona, bili moja tu ya wastani na ule wa "bei rahisi" umeshakuwa ghali. Sasa weka na ukomo wa mwaka, yaani kiasi cha juu kampuni itakacholipa. Tuseme bili imefika 10,000 na mpango wa kwanza ukomo wake ni 5,000, basi nusu nzima ya bili ni yako na hakuna cha kujadiliana. Kwa mtu ambaye ana pumu na anaweza kulazwa siku yoyote, mi ningeangalia ukomo kabla ya mchango wa mwezi. Na uliza ukomo huo ni wa mwaka mzima au ni wa kila ugonjwa, au umekatwa vipande vipande, maana unaweza kuona namba kubwa juu halafu ndani dawa zina kiasi chake kidogo, vipimo kiasi chake.

Jambo dogo la mwisho ila limeumiza wengi, ukichagua kulipa kila mwezi panga pesa ya miezi ya likizo kabisa. Mkataba una siku chache za kuchelewa, zikipita bima inakatika, na ukiirudisha kuna kampuni zinaanza kuhesabu upya kile kipindi cha kusubiri. Umesubiri pumu yako miezi 11, likizo ukasahau mwezi mmoja, unaanza moja. Kama mama anaweza kulipa semista nzima kwa pamoja mwambie alipe hivyo.

Mama yako anasema bora kadi kuliko kukosa, na ana nia njema kabisa, msomee hii barua. Huyo wakala na wiki yake inayoisha mwache aende, bima haiishi kama nguo za mnada.

*Anti habari. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili nje na nimeambiwa lazima niwe na bima ya afya. Nimeona za wasafiri ni rahisi kweli mtandaoni, nichukue hiyo niingie nayo? – Safari imekaribia*

Nzuri ndugu yangu, na hongera ya nafasi. Bima ya msafiri usiitegemee kwa masomo. Imetengenezwa kwa mtu wa wiki mbili tatu, inalipa dharura, inalipa kukurudisha nyumbani, lakini jino likioza, dawa ya presha ikiisha, ukitaka kupimwa kawaida tu, mara nyingi haipo, na vyuo vingi havitaikubali. Ichukue kwa siku za safari na siku za kwanza kabla ile kamili haijaanza, hapo ina kazi yake.

Hukusema unaenda wapi na nchi zinatofautiana sana. Ujerumani mwanafunzi wa chini ya miaka 30 kwa kawaida anaingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, akitaka ya binafsi lazima aombe kuondolewa kwenye ile ya umma ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na akishaondolewa hawezi kubadili mawazo kwa muda wote wa masomo yake hayo. Hapo vijana wanaingia kwa sababu ya bei ya mwezi wa kwanza halafu mwaka wa pili wanalia, tafadhali ukienda huko usijaze hiyo fomu kwa haraka. Uingereza kama viza yako inazidi miezi 6 unalipia mchango wa huduma ya afya pamoja na maombi ya viza, ukishaulipa unatibiwa kwenye huduma ya taifa, kwahiyo bima ya binafsi juu yake ni hiari na wengi hawaihitaji, ila meno na macho bado yana gharama. Marekani vyuo vingi vinakuandikisha kwenye bima ya chuo moja kwa moja na kuiweka kwenye ada, ukiwa na yako inabidi uombe kuondolewa kabla ya tarehe waliyoweka, tarehe ikipita unalipia zote mbili. Andikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo hicho leo, waulize wanakubali bima gani, na usilipe popote kabla hawajakujibu.

*Shikamoo Anti, niko kwenye bima ya kazini kwa baba kama mtegemezi, nakaribia kufika 21. Nitafute yangu sasa hivi? – Mtoto wa mwisho*

Marahaba. Usitafute kabla hujajua tarehe ya kutoka. Umri wa mtegemezi hauko sawa kila mahali, Marekani unaweza kukaa kwa mzazi mpaka 26, Ujerumani kwenye bima ya umma ya familia mwanafunzi anafika 25, kwingine wanakata 18 au 21 lakini wanaongeza miaka ukiwa bado unasoma. Hiyo nyongeza haiji yenyewe, wanataka barua ya chuo na wakati mwingine kila mwaka mpya. Mwambie baba aulize ofisini kwao mambo mawili, mtoto anatolewa kwenye bima tarehe ngapi na barua ya chuo inapelekwa lini. Na kama itabidi utoke, omba yako ianze siku ile ile unayotoka kwa baba, na omba barua ya kuonyesha umekuwa na bima muda gani bila kukatika, kuna kampuni zikiiona zinakupunguzia au kukufutia kipindi cha kusubiri.

*Anti mambo. Nimekuwa na hali ngumu kichwani tangu semista iliyopita, silali, silii wala sicheki. Nataka kumuona mshauri nasaha lakini niko kwenye bima ya wazazi na sitaki wajue kwa sasa. Wataona? – Naomba jina lihifadhiwe*

Poa mwanangu, na asante kwa kuniamini na hili.

Wanaweza kuona, ndio. Kwenye mipango mingi mwenye bima mkuu anapata taarifa ya kila matumizi ya wategemezi wake, meseji ya simu au karatasi ya mwisho wa mwezi, na mara nyingine inaandika huduma iliyotolewa. Kwahiyo kabla hujatumia kadi piga simu kampuni, huna haja ya kutaja jina lako wala shida yako, uliza tu mtegemezi mtu mzima akitibiwa taarifa inaenda kwa nani na inaandikwa nini, na kama inawezekana iende kwenye namba yake mwenyewe. Kuna wanaokubali.

Lakini usisubiri jibu lao ndo uanze kutafuta msaada. Vyuo vingi vina mshauri nasaha wa wanafunzi ambaye halipiwi na hahusiani kabisa na bima, hakuna karatasi inayokwenda nyumbani, nenda kwa huyo wiki hii hii. Na ikiwa ndani ya kutolala huko kuna mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata miadi, mwambie mwenzako wa chumba leo usiku akusindikize kwenye dharura ya hospitali, kadi mtaiongelea baadaye.

Ukishakuwa sawa kidogo na ukitaka kuendelea kwa muda mrefu ndo uangalie mkataba unasemaje, mingi inalipia idadi fulani ya vikao kwa mwaka na baadhi inataka kwanza daktari wa kawaida akuandikie barua ya kukupeleka kwa mtaalamu. Ukienda bila hiyo barua unajilipia, kwahiyo ichukue kwa daktari kabla ya kikao cha kwanza na ubaki na nakala. Niandikie tena unijulishe umefikia wapi, barua yako nitaisoma mwenyewe na haitachapishwa.